Sauti ya Mpagazi

Laiti ningemwambia Bi Rehema hapana. Alisimama mlangoni mwa ukumbi wake pale Hillbrow, Johannesburg, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika kanda ya video, akaniambia, "Rekodi kwenye kanda hii hii, Kassimu. Watu wamejaa." Nikasema sawa. Nimezeeka sasa, na bado nikiwa kwenye foleni ya spaza, kiduka cha mtaani, au nikisubiri robot, taa ya barabarani, iwake kijani, najikuta nasema "hapana" kwa sauti. Watu wananigeukia. Wanadhani nina simu sikioni.

Vijana, mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukitafsiri sinema. Mjukuu wangu ndiye aliyeleta ombi lenu, kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia tu, hakisemi. Nitaandika, ila mnivumilie. Sikai na jambo moja. Naandika mistari michache, nainuka, nachungulia mtaa wa Rosettenville dirishani, narudi nimesahau nilikuwa wapi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Bi Rehema, mwanamke wa Dar es Salaam mwenye sauti ya kusimamisha teksi, alikodi chumba nyuma ya saluni, akaweka mabenchi, spika na deki ya video. Filamu zilikuwa za Kiingereza, za Kichina, za Kihindi. Watazamaji walikuwa sisi: Watanzania, Wakongo, Warundi, Mkenya mmoja mmoja. Wengi hawakuielewa lugha ya filamu yoyote. Basi tulikaa pembeni ya televisheni, watu wawili na maikrofoni mbili, tukawasemea watu wa kwenye filamu kwa Kiswahili.

Yaya Faustin alikuwa sauti ya kwanza na mimi ya pili. Alikuwa Mkongo wa Uvira, mlinzi wa mlangoni kwenye supamaketi siku za kazi, mrefu, mpole, mwenye koo kama gari la mizigo. Kwao kaka mkubwa huitwa yaya, na mimi nikamwita hivyo. Yeye aliniita mdogo. Kila nilichokijua nilikipata kwake.

Kwa mfano, alinifundisha kuitazama filamu kwanza bila sauti. "Angalia mabega," alisema. "Mutu anaweza kudanganya na mudomo, mabega yatamusema." Alinikataza karanga kabla ya kazi, maana kipande kimoja kikikwama kooni mfalme wa China ataanza kukohoa na wewe. Alinifundisha kushusha pumzi wakati wa bunduki, kwa sababu bunduki haihitaji tafsiri. Na nisipoelewa Kiingereza, nisinyamaze kama mwizi aliyeonekana. Niseme, "Hapo mzungu anawaza." Wazungu wa filamu zangu za mwanzo waliwaza sana.

Kosa langu la kwanza kubwa lilichekesha mtaa mzima. Jambazi alipigwa risasi akaanguka mtoni, nami nikamtangaza amekufa, nikamwombea dua kabisa. Baada ya kitambo jambazi huyo akaingia mlangoni amelowa maji. Ukumbi ukageuka kunitazama. Nikasema, "Huyu ni pacha wake, ametoka kuogelea." Mtu wa benchi la nyuma, aliyejua kwetu ni Tanga, akapiga kelele, "Wewe Mtanga, mbona pacha ana tundu la risasi?" Yaya Faustin akachukua maikrofoni yake taratibu akasema, "Ni tundu la ukoo." Watu walicheka mpaka mabenchi yakalia. Tangu hapo nilijua kwamba mtu huyu hataniacha nianguke peke yangu. Shikeni hilo, maana ndilo linalonisumbua.

Halafu kulikuwa na lafudhi. Huu ulikuwa ufundi wa kwetu sisi wa Johannesburg tu, sidhani kama Dar walikuwa nao. Kwa kuwa ukumbini kulikuwa na watu wa kila upande, tuliwagawia wahusika makwao. Tajiri wa filamu alisema kama Mkenya, mchumba mlalamishi kama mtu wa Zanzibar, askari kama Mrundi. Kila kundi lilingoja kuchekwa na kucheka. Yaya Faustin alikuwa na sheria moja: "Mutu wa kwetu namuchekesha mimi. Mutu wa kwenu unamuchekesha weye." Yaani lafudhi ya Kikongo aitanie yeye tu, ya Kitanzania mimi, na za wengine yeyote kati yetu. Nilidhani ni sheria ya adabu tu. Sikujua ina kazi gani mpaka nilipoivunja.

Ngoja niwaambie habari ya televisheni, maana bila hiyo hamtaelewa.

Televisheni ile kubwa haikulala ukumbini, ingeibwa. Ililala kwa Bi Rehema ghorofani, na lifti ya jengo ilikuwa imekufa kabla sisi hatujafika mjini. Kila siku ya kazi mimi na yaya Faustin tuliibeba kushuka, na baadaye kuipandisha. Na kila tulipoiinua, yeye alisema, "Panda bibi harusi, panda, kwa mume kuna mto!" Ndipo tunainua. Siku ya kwanza nilicheka nikamuuliza televisheni imeolewa lini. Akaniambia ni maneno ya babu yake. Kwao hakuna mtu anayeinua gunia, kitanda wala jeneza bila kuyasema. Babu alikuwa mpagazi. Alivuka ziwa kwenda upande wa Kigoma kutafuta kazi, akachukuliwa na wazungu wenye masanduku ya kupigia picha za sinema, wakaondoka naye. Hakurudi. Hakuna kaburi, hakuna picha, hakuna aliyejua alikoishia. Kilichobaki kilikuwa maneno hayo, na binti mmoja aliyemwacha akiwa mtoto mdogo, shangazi Eliza, ambaye wakati huo alikuwa bibi mzee akiishi Bellevue katika chumba kimoja cha nyumba iliyogawanywa.

Sasa filamu.

Bi Rehema aliipata kwa Mreno mmoja aliyekuwa akifunga duka lake la kukodisha kanda. Ilikuwa sinema ya zamani sana ya Marekani, nyeusi na nyeupe, habari ya wazungu wanaokwenda msituni Afrika kutafuta ziwa lenye vito. Mlishaona za namna hiyo. Mzungu mwenye kofia ngumu, binti mwenye nywele zisizochafuka, mamba wa mpira. Simba alikuwa ameshiba, amejilaza kama kibarua anayesubiri posho yake. Tembo walikuwa wa Kihindi, wamebandikwa masikio makubwa ili wawe wa kwetu, na moja lilikuwa linabanduka. Lakini sehemu nyingine zilipigwa kweli Afrika, unaona vumbi la kweli na watu wa kweli. Watu hao kazi yao ilikuwa kubeba masanduku na kuanguka gengeni. Mzungu mmoja akianguka filamu nzima inalia. Wapagazi wanaanguka na hakuna anayechungulia walikoangukia.

Tulikuwa wawili tu, tunaitazama kwa ajili ya kuizoea. Baada ya kuvuka mto, wapagazi wanapumzika, kisha wanaamriwa wainue mizigo. Mmoja mwembamba, mwenye kitambaa kichwani, anainama kwenye sanduku. Nyuma ya muziki, kidogo sana, ikasikika sauti.

Yaya Faustin akanishika mkono. "Rudisha."

"Nini?"

"Rudisha, nasema."

Nikarudisha kanda. Akasogeza sikio mpaka likagusa spika. Nami nikasogea. Yule mpagazi alikuwa akisema, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko Kiingereza cha wale wazungu, "Panda bibi harusi, panda, kwa mume kuna mto." Wenzake wakaitikia, sanduku likapanda begani.

Kisha yaya Faustin akacheka, akajifuta uso kwa kiganja, akacheka tena.

"Huenda wapagazi wote walisema hivyo," nikamwambia. Sijui kwa nini nilisema hilo.

"Inawezekana," akajibu. "Ndiyo maana nataka shangazi asikie. Yeye alikuwa anabebwa mugongoni na ile mutu. Atajua. Nitamuleta siku ya Mungu, Jumapili, kisha ya kanisa. Na tukiicheza kwa watu, mdogo, hapo tunanyamaza. Filamu zote hizi tunawasemea wageni. Huyu anajisemea mwenyewe. Tumuache."

Nikamwahidi.

Hapa lazima nieleze jambo la ufundi, na nyinyi mnaofanya kila kitu kwa simu mtaona ajabu. Tulipotaka kurekodi tafsiri yetu tulitumia deki mbili. Moja ilicheza kanda ya asili, na sauti yake ikachanganywa na ya kwetu, ikaingia kwenye kanda mpya ya deki ya pili. Ya asili ilibaki salama. Lakini deki yetu kubwa ilikuwa pia na kitufe chekundu cha kuingiza sauti. Hicho kiliacha picha kama ilivyo, kikafuta sauti ya zamani, kikaandika ya kwako mahali pake. Ukishapita umepita. Wiki ile deki ya pili ilikuwa kwa fundi.

Jumamosi yaya Faustin alikuwa na zamu supamaketi kutwa nzima. Bi Rehema alikuwa ametangaza sinema ya msituni, na watu walijaa mpaka wengine wakakaa sakafuni. Na alikuwa amemwahidi mtu wa Rosettenville kanda yenye Kiswahili Jumapili jioni. Ndipo akasimama mlangoni na kanda mkononi.

"Tusubiri deki irudi," nikasema. "Hii nyingine itafuta sauti."

"Ifute! Sauti ya nani? Wale wazungu walishakufa wote."

"Yaya Faustin anaitaka kesho. Shangazi yake anakuja."

"Shangazi yake anajua Kiingereza?" Akanitazama juu mpaka chini. "Au sema unaogopa. Bila Mkongo wako huna mdomo. Miaka yote unakaa hapo kama kibwagizo. Nilidhani leo nitamsikia Kassimu."

Baadaye nilikuwa nikiwaambia watu kwamba nilisahau kazi ya kitufe kile. Nimelisema hilo mara nyingi, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, mpaka wengine wakanihurumia. Sikusahau. Nilikijua kama ninavyoujua mlango wa kwangu. Nilisema sawa kwa sababu nilitaka kuwa sauti ya kwanza, ukumbi umejaa, na yeye hayupo.

Nikakibonyeza.

Nilikuwa mzuri siku ile. Naliandika kwa aibu lakini ni kweli. Binti nilimpa Kizanzibari, mamba nikamfanya mwenye nyumba anayedai kodi, tembo mwenye sikio linalobanduka nikamwambia, "Kaka, shika hereni yako." Watu walikuwa wakipiga mapaja. Nilipofika baada ya mto, nikamwona yule mpagazi anainama. Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Kunyamaza nako kusingemwokoa, kwa kuwa kitufe kilikuwa kimeshabonyezwa na kanda ingeandika ukimya tu, lakini angalau ningekuwa nimekumbuka. Ukumbi ulikuwa unangoja kucheka. Nikashusha koo, nikachukua sauti ya yaya Faustin yenyewe, ule uzito wake, ile "mutu" yake, nikasema, "Panda bibi harusi, panda, kwa mume kuna muto! Lakini bwana, mimi bila ugali na ndagala sifiki!" Ukumbi ukapasuka. Wakongo waliokuwemo walicheka kidogo, wakatazamana.

Mpagazi alipoanguka gengeni nilimfanya apige kelele akiomba ndagala, dagaa wa kwao, mpaka chini.

Jumapili asubuhi nilizunguka Hillbrow yote kutafuta nakala nyingine. Yule Mreno alikuwa ameshafunga. Wauza kanda wa kando ya barabara walinionyesha karate. Ningeweza kwenda moja kwa moja kwa yaya Faustin nimweleze kabla hajamtoa shangazi nyumbani. Bellevue si mbali. Nilifika mpaka kona ya mtaa wao, nikasimama, nikaona kanisa lao linatoka, nikarudi. Nilikuwa naomba bibi yule augue mafua.

Hakuugua. Alikuja amevaa kitenge kipya, amejifunga kilemba, ameshikwa mkono na yaya Faustin aliyekuwa na suti yake ya kanisani. Bi Rehema akamwekea kiti chenye mto. Shangazi Eliza akaniuliza, "Njo weye Kassimu? Faustin anasemaka juu yako kila siku." Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Yaya Faustin aliijua sehemu ile kwa picha. Alipeleka kanda mbele bila sauti, akapita mto, akasimamisha. "Shangazi, fungua masikio." Akaicheza.

"Panda bibi harusi, panda, kwa mume kuna muto!"

Yule bibi akainuka kwenye kiti peke yake. "Ni yeye! Faustin, ni baba! Ni baba kabisa!" Alikuwa amenyoosha mkono kuelekea kwenye kioo cha televisheni. Kisha ikafuata habari ya ugali na ndagala, na kicheko cha Jumamosi, kwa kuwa maikrofoni iliwanasa watu wote. Akageuka huku na huku kwenye mabenchi matupu. "Wanacheka nini?"

Yaya Faustin alizima deki. "Kassimu," akasema. Hakuwa ameniita jina hilo tangu tufahamiane. "Yake iko wapi?"

"Imefutika."

"Nani anasema hapa?" shangazi akauliza.

"Ni mimi, shangazi."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alikaa, akafikiri, kisha akaniambia kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mtoto namna ya kufunua chungu, "Basi, toa ya kwako, tusikie yake."

Nilijaribu kumweleza kwamba sauti yangu haiko juu ya ile nyingine kama kitambaa, kwamba chini yake hamna kitu. Nilieleza kitufe, nikaeleza kanda. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Toa tu," akasema. "Hatutacheka."

Bi Rehema alikuwa ameingia saluni, hakutoka tena.

Baada ya hapo ilibidi televisheni irudi ghorofani. Sijui kwa nini yaya Faustin alikubali, nadhani mazoea. Alimwacha shangazi kwenye kiti, akavua koti la suti, akashika upande wake, nami wangu. Nikasubiri maneno ili niinue. Hayakuja. Akainua tu, nami nikachelewa, kona ikagonga ukuta. Tulipanda ngazi zote kimya, pumzi tu. Juu akaiweka chini, akavaa koti, akashuka. Maikrofoni yake ilibaki ukumbini mpaka Bi Rehema alipofunga biashara.

Mnaniuliza kuhusu ufundi nami nimewapa vipande. Nawapa kingine, ndicho kikubwa. Kabla hujafungua mdomo juu ya filamu, sikiliza kama kuna mtu ndani yake anayejisemea. Yupo mara nyingi kuliko mnavyodhani, nyuma kabisa, chini ya muziki. Mwache. Na kama hamuwezi kumwacha, wekeni nakala. Simu zenu zinaweka nakala za kila upuuzi, ziweke na hiyo.

Mwaka uliopita mjukuu wangu aliitafuta ile sinema kwenye simu yake akaipata. Nilikaa ukingoni mwa kiti kama anayengoja majibu ya hospitali. Picha ni safi kuliko tulivyowahi kuiona. Mto ule ule, yule mwembamba mwenye kitambaa kichwani ndiye yule. Lakini hii ni nakala nyingine, na pale wapagazi wanapoinua masanduku kumejaa ngoma na tarumbeta. Midomo inatembea tu. Nimeirudia mara nyingi. Naweza kuona mahali anaposema panda.

"Eish, mkhulu, it's just some guy," mjukuu akaniambia, yaani, babu, ni mtu tu fulani. Nilitaka kumpigia mtu mmoja tu simu nimwambie uso wa babu yake sasa unaonekana vizuri, na mtu huyo hakuwepo tena wa kupigiwa.

Shangazi Eliza alifariki Bellevue bila kumsikia baba yake. Yaya Faustin alihamia hapa hapa Rosettenville, mitaa michache kutoka kwangu, na miaka yote hiyo tulipokutana barabarani alinisalimia kwa heshima, "Habari, Bwana Kassimu," akapita. Alipofariki, Wakongo na Watanzania wote walipelekewa habari ya msiba, hata wale waliomjua kwa kumwona mlangoni pa supamaketi. Mimi sikupelekewa. Nilisikia kwa msusi, mwili ukiwa umeshasafirishwa kwenda Uvira. Sikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza, na sijui kama kuna aliyekumbuka kumsemea yale maneno wakati wa kuliinua. Nilikuwa na rafiki mmoja katika nchi hii, nami nilimtoa kafara ili niwachekeshe watu Jumamosi moja.